Altrasaundi kwa mgonjwa wa moyo ulioshindwa ghafla: mwongozo kamili wa kitandani

Saa nane za usiku analetwa mgonjwa aliyeketi huku mikono ameiegemeza magotini. Hawezi kulala chali, jasho linamtiririka, na kipimo cha oksijeni cha kidoleni kinasoma 84%. Mkono wa aliye zamu huenda wenyewe kwenye Lasix (furosemaidi, dawa ya kukojoza), na mara nyingi hukisia sawa. Lakini mgonjwa huyu anaweza kuwa na moyo uliopanuka na kuishiwa nguvu, au moyo wenye nguvu tele uliozidiwa na presha ya 230/130, au valvu ya mitrali (mlango kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo) iliyobana, au maji ya kifua kikuu yaliyojaa kwenye mfuko wa moyo. Kwa nje wote wanne wanahema vilevile. Lasix humwokoa wa kwanza. Wa pili humsaidia kidogo, wa tatu humfikisha nusu ya njia, na wa nne humteremsha presha hadi moyo usimame.

Kazi ya altrasaundi ya kitandani ni kuwatenganisha hao ndani ya dakika kumi, kisha kukuonyesha kama ulichompa kimefanya kazi. Haichukui nafasi ya eko (altrasaundi ya moyo) kamili ya mtaalamu wa moyo. Ukimaliza kupima na huna la kubadilisha kwenye dawa, bado hujauliza swali lililokuleta na probu (kichwa cha mashine kinachowekwa mwilini) mkononi.

Maswali yenyewe ni haya. Mapafu yana maji? Ventrikali ya kushoto (chumba cha kusukuma damu mwilini) inasukuma? Kuna maji kwenye mfuko wa moyo, au upande wa kulia umevimba? Mishipa inayorudisha damu imejaa kiasi gani? Halafu kuna la valvu, ambalo kwa ukanda wetu haliwezi kusubiri asubuhi.

Kabla ya mashine

Tiba haisubiri picha. Mgonjwa akae wima, apewe oksijeni ikiwa iko chini ya 90%, presha ipimwe mikono yote miwili, mshipa utafutwe, damu itolewe kwa ajili ya hemoglobini, kreatinini na potasiamu, na ECG (kipimo cha umeme wa moyo) ichukuliwe. Mguse mikono na miguu: ubaridi wa vidole ni habari ambayo hakuna probu itakayokupa. Muuguzi anapoendelea na hayo, wewe unawasha mashine.

Jua pia unachokitafuta kinatokea mara ngapi. Utafiti wa THESUS-HF, uliochapishwa mwaka 2012, ulifuatilia wagonjwa 1,006 wa moyo kushindwa ghafla katika nchi 9 za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo. Wastani wa umri ulikuwa miaka 52. Presha ya kupanda ndiyo ilikuwa chanzo kwa takriban 45%, na mishipa ya moyo kuziba haikufika 8%. Vitabu vya Ulaya hukuanzisha kwa kutafuta kipande cha ukuta kisichosogea baada ya mshtuko wa moyo. Kwetu, anza na kuta nene za presha, moyo uliopanuka (hasa kwa mama aliyejifungua karibuni), valvu zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi ya moyo, na maji ya kifua kikuu.

Probu na mpangilio wa mashine

Probu ya moyo ni ile yenye uso mdogo wa mraba, ya megahezi 1 hadi 5, inayopenya katikati ya mbavu. Hospitali nyingi za wilaya zina ile pana iliyopinda tu, ya kupimia wajawazito. Usiiache wodi ya wazazi kwa kudhani haifai. Kwa mapafu, maji ya kifuani na vena kava (mshipa mkuu unaorudisha damu moyoni kutoka chini) ni nzuri sana, na moyo utauona kupitia chini ya chembe cha moyo. Utakachokosa ni mwonekano mzuri wa kutokea kwenye ncha ya moyo, na vipimo vingi vya Dopla (vya kasi ya damu inayotiririka) vinavyotegemea mwonekano huo.

Kuna mtego mmoja hapa unaonasa hata wazoefu. Mashine ikiwa kwenye programu ya moyo, alama ya skrini hukaa kulia. Ikiwa kwenye programu ya tumbo, hukaa kushoto. Ukipima moyo kwa programu ya tumbo bila kujua, picha inageuka kama kwenye kioo. Ventrikali ya kulia unaiita ya kushoto, na mgonjwa wa presha unamwandikia bonge la damu kwenye mapafu. Kabla ya picha ya kwanza, gusa ukingo wa probu kwa kidole chenye jeli uone ni upande gani wa skrini unaocheza.

Baada ya kila mgonjwa futa jeli yote kwanza, ndipo upake dawa ya kuua vijidudu ambayo mtengenezaji ameiruhusu. Spiriti kali hukausha na kupasua kichwa cha probu nyingi, na ufa ukishapatikana probu haifai tena.

Anza na mapafu

Tunaanza na mapafu kwa sababu yanapimwa mgonjwa akiwa ameketi, yanachukua dakika mbili, na jibu lake ndilo linalobadilisha tiba mapema zaidi. Weka kina cha sentimita 12 hadi 15. Zima vichujio vinavyolainisha picha, kwani hufuta kile kile unachokitafuta.

Gawa kila upande wa kifua sehemu 4: mbili mbele, kati ya kidari na mstari wa mbele wa kwapa, juu na chini, mbili ubavuni, kati ya mstari wa mbele na wa nyuma wa kwapa, juu na chini. Jumla ni 8. Shika probu wima, alama ikielekea kichwani. Utaona mbavu mbili zikitupa vivuli vyeusi, na katikati yao, chini kidogo, mstari mweupe mkali. Huo ni utando wa pafu, na umbo zima ni kama popo aliyetandaza mabawa. Mstari huo usogee huku na huko kwa kila pumzi.

Pafu kavu huonyesha mistari ya A: mistari ya mlalo inayojirudia chini ya utando kwa umbali sawasawa. Pafu lenye maji huonyesha mistari ya B. Hii huanzia kwenye utando, hushuka kama mwanga wa tochi gizani hadi chini ya skrini bila kufifia, hufuta mistari ya A inapopita, na huyumba na pumzi. Kitu kifupi kinachong'aa kisha kikapotea njiani si mstari wa B. Hesabu mingi zaidi uliyoiona kwa wakati mmoja kwenye uwazi mmoja wa mbavu. Ikifika 3, sehemu hiyo ina maji. Sehemu 2 au zaidi kila upande, kulia na kushoto, ndiyo picha ya mapafu yaliyojaa maji. Andika idadi ya kila sehemu, kwa sababu utaihitaji baadaye.

Malizia kwa kushusha probu ubavuni hadi uone kiwambo, ini upande wa kulia na wengu upande wa kushoto. Weusi juu ya kiwambo ni maji ya kifuani. Uti wa mgongo ukiendelea kuonekana juu ya kiwambo, basi una uhakika, kwa sababu hewa ya pafu la kawaida huwa inauficha.

Mistari ya B peke yake haitoshi kusema moyo. Nimonia, makovu ya kifua kikuu cha zamani na mapafu yaliyoungua kwa maambukizi makali yote huitoa. Tazama utando wenyewe. Katika moyo kushindwa huwa mwembamba na laini, na mistari imesambaa pande zote mbili kwa ulinganifu, zaidi upande wa chini. Kwenye nimonia utando huwa mnene na wenye mikwaruzo, kuna vipande vya pafu vilivyoganda kama ini, na baadhi ya sehemu zimebaki safi kabisa karibu na zilizoharibika. Mgonjwa wa figo aliyekosa kusafishwa damu ana mapafu yaliyojaa maji huku moyo wake ukifanya kazi vizuri. Na kama sehemu zote 8 zina mistari ya A, utando unasogea na vena kava ni nyembamba, tafuta kwingine: pumu, upungufu mkubwa wa damu, asidi ya kisukari.

Moyo: mionekano minne

Akiweza, mlaze kwa ubavu wa kushoto akiwa ameinuliwa nyuzi 30 hadi 45, mkono wa kushoto juu ya kichwa ili mbavu zifunguke. Asipoweza, mwache aketi na umwinamishe kidogo mbele na kushoto. Kumlazimisha alale chali kwa ajili ya picha nzuri kumewahi kuwasimamisha wagonjwa moyo.

Mwonekano mrefu. Probu ikae kwenye uwazi wa 3 au wa 4 wa mbavu, kushoto kabisa mwa kidari, alama ikielekea bega la kulia. Anza na kina cha sentimita 16, hadi uone aota inayoshuka (mshipa mkuu wa kutoa damu moyoni) kama duara nyuma ya atriamu ya kushoto (chumba kinachopokea damu ya mapafu). Wengi hupunguza kina mapema na kuipoteza aota hiyo, na ndiyo alama inayokuambia maji yako wapi. Maji yanayopita mbele ya aota, kati yake na moyo, yako kwenye mfuko wa moyo. Yanayokwenda nyuma yake yako kifuani.

Sasa tazama nguvu. Usikimbilie kipimo. Tazama mapigo matano na ujiulize mambo matatu: kuta zinanenepa moyo unapojikaza? Uwazi wa ventrikali unapungua? Jani la mbele la mitrali linafunguka hadi karibu ligonge ukuta wa kati? Majibu yakiwa ndiyo, EF, yaani asilimia ya damu inayotoka kwa kila pigo, ni ya kawaida au karibu na kawaida. Jani likibaki mbali na ukuta na kuta zikitetemeka tu, nguvu imekwisha. Unaweza kuthibitisha kwa modi ya M (inayochora msogeo kwenye mstari mmoja), mstari ukikata ncha ya jani: umbali wa jani hadi ukuta wa kati ukiwa chini ya milimita 7 ni salama, na zaidi ya 10 mara nyingi ni EF ya chini sana. Usitumie kipimo hiki pale mitrali inapobana au aota inapovuja, kwa sababu jani halifunguki vizuri hata kama misuli ina nguvu.

Pima unene wa ukuta moyo ukiwa umelegea. Zaidi ya milimita 12 kwa mtu mwenye presha unaeleza mengi. Uwazi wa ventrikali unaokaribia milimita 60 ni moyo uliopanuka bila ubishi.

Bado hapohapo, tazama mitrali. Ikiwa imebana kwa homa ya baridi yabisi, jani la mbele hujikunja kama goti: katikati linavimba kuelekea ventrikali, ncha imeshikwa haifunguki. Atriamu ya kushoto huwa kubwa, wakati mwingine kuliko ventrikali yenyewe. Picha hii ukishaiona mara moja hutaisahau. Ukiikosa, mgonjwa atapewa dawa za moyo dhaifu kwa miezi huku tatizo liko mlangoni.

Mwonekano mfupi. Bila kuinua probu, izungushe nyuzi 90 kufuata mshale wa saa, alama iende bega la kushoto. Ventrikali ya kushoto iwe duara. Ikibonyezwa upande mmoja hadi ifanane na herufi D, upande wa kulia unasukuma kwa presha kubwa: bonge la damu kwenye mapafu, mapafu yaliyochakaa, au mitrali iliyobana kwa miaka.

Kutoka kwenye ncha. Tafuta kwa kidole mahali moyo unapogonga, weka probu hapo, alama ikielekea kushoto kwa mgonjwa, mwelekeo kwenye bega la kulia. Ventrikali ya kushoto iwe na umbo la risasi. Ikiwa imekuwa fupi na ncha yake ya duara inaruka kila pigo, umekata moyo kwa mshazari. Hili ndilo kosa la kila siku, na madhara yake ni kuuona moyo una nguvu kuliko ilivyo na kukosa damu iliyoganda kwenye ncha. Shuka uwazi mmoja wa mbavu, sogea kuelekea kwapani, jaribu tena.

Upana wa ventrikali ya kulia, karibu na valvu, huwa theluthi mbili hivi za upana wa kushoto; ukilingana au kuzidi, upande wa kulia umevimba. Kwa modi ya M pima pete ya valvu ya kulia inasogea kiasi gani kuelekea kwenye ncha: chini ya milimita 17 ni udhaifu. Pete ya mitrali ikisogea milimita 10 au zaidi, ventrikali ya kushoto iko vizuri. Chini ya 8 haiko vizuri. Kipimo hiki cha pete ni rafiki wa mwenye picha mbaya, kwani pete huonekana hata pale kuta zisipoonekana. Uwazi wa ncha ukiwa umejazwa na kitu kigumu kinachong'aa, huku atriamu zimekuwa mapipa, fikiria pia ugonjwa wa makovu ya ndani ya moyo unaojulikana Uganda tangu miaka ya 1940. Huo Lasix haiumalizi.

Chini ya chembe cha moyo. Probu karibu ilale juu ya tumbo, ini likiwa dirisha. Mgonjwa akunje magoti ili tumbo lilegee. Hapa ndipo mfuko wa moyo unaonekana vizuri kuliko pote, na ndiyo njia yako ikiwa una probu ya wajawazito tu.

Maji kwenye mfuko si lazima yawe yanaubana moyo. Dalili za kubana ni atriamu ya kulia kuingia ndani moyo unapojikaza, ventrikali ya kulia kubonyea moyo unapolegea, na vena kava pana isiyosinyaa. Kiasi hakitoshi kukuambia: mililita 200 zilizokuja ghafla zinaua, na lita nzima iliyojaa taratibu kwa miezi inaweza kuvumilika. Vena kava nyembamba kwa mgonjwa ambaye hajapungukiwa damu wala maji inakufanya utilie shaka kwamba moyo umebanwa.

Vena kava, na mshipa wa lango la ini ukihitajika

Kutoka chini ya chembe cha moyo, simamisha probu kwa urefu wa mwili, kulia kidogo mwa katikati. Usiridhike na bomba jeusi lolote. Aota iko kushoto, ina kuta nene na hudunda yenyewe. Vena kava inapita nyuma ya ini, inapokea mshipa wa ini, na lazima uione ikiingia kwenye atriamu ya kulia. Pima sentimita 1 hadi 2 kabla ya kuingia, kisha mwambie mgonjwa avute pumzi puani mara moja kwa nguvu kama anayenusa.

Ikiwa ni milimita 21 au chini na inasinyaa zaidi ya nusu, presha ya atriamu ya kulia ni kama mmHg 3. Ikiwa zaidi ya 21 na haifiki nusu, ni kama 15. Zisipokubaliana, chukua 8. Kwa mgonjwa aliye kwenye mashine ya kupumulia au barakoa ya presha, mshipa hupanuka kwa sababu ya hewa, hivyo pima kabla ya kumfunga barakoa au usiutegemee. Usigandamize tumbo, maana probu nzito husinyaza mshipa na kukudanganya.

Vena kava pana inasema damu imerundikana. Haisemi viungo vimeumia. Hilo uulize mshipa wa lango la ini kwa Dopla, kupitia ubavu wa kulia. Kwa kawaida mtiririko wake karibu hauyumbi. Tofauti kati ya kasi ya juu na ya chini ikizidi 50% ya kasi ya juu, msongamano umefika ini na figo. Hapa kuna faida kubwa wodini: kreatinini ikipanda kwa mgonjwa wa namna hii, wengi husimamisha Lasix. Vena kava pana na mshipa wa lango unaoyumba vinasema figo zinazama, na dawa ya kukojoza inahitaji kuongezwa. Vena kava nyembamba na mapafu makavu vinasema kinyume: umemkausha, simamisha.

Kupima damu inayotoka

Mwenye probu ya moyo na Dopla asiruke hatua hii. Kutoka kwenye ncha, inua mwelekeo wa probu kidogo hadi aota itokee katikati. Weka alama ya Dopla nusu sentimita hadi moja chini ya valvu ya aota, mstari uwe sambamba na mtiririko. Fuatisha ukingo wa wimbi, mashine itakupa VTI (umbali ambao damu inasafiri kwa kila pigo) kwa sentimita. Ya kawaida ni kama 18 hadi 22. Chini ya 15 ni ndogo. Chukua wastani wa mapigo 3, au angalau 5 ikiwa mapigo hayana mpangilio.

Mstari ukiwa wa mshazari, namba inashuka yenyewe. Kwa hiyo VTI ndogo isiyoendana na mgonjwa mwenye mikono ya moto na presha nzuri, irudie kabla ya kuiamini.

Chukua mfano. Mama wa miaka 28, wiki ya tatu tangu ajifungue, presha 104/70, mapigo 124, vidole baridi. Mapafu: sehemu 7 kati ya 8 zina maji. Ventrikali imepanuka na kuta zinatetemeka tu. Vena kava milimita 24, haisinyai. Kipenyo cha njia ya kutokea damu, chini ya valvu ya aota, ni sentimita 2.0, hivyo eneo lake ni 3.14. VTI ni 9. Eneo mara VTI: pigo moja linatoa mililita 28. Mara 124, ni lita 3.5 kwa dakika. Ni kidogo, lakini anaishi. Kinachombeba ni yale mapigo 124. Mtu akiona mapigo ya kasi na kumpa propranolo ateremke hadi 80, pigo lisipoongezeka atabaki na lita 2.2, na kabla ya kupambazuka atakuwa mahututi. Mwendo wa moyo wake haujawa ugonjwa, ndio fidia. Dawa za kundi hilo atazianza baadaye, akishakauka, kwa dozi ndogo.

Kutoka picha hadi sindano

Mama huyo apewe furosemaidi ya mshipa miligramu 40 (20 hadi 40 kwa ambaye hajawahi kuitumia, anayemeza kila siku apewe dozi yake ya siku nzima, au mara mbili yake, kwa mshipa), oksijeni, na barakoa ya presha ikiwepo, kuanzia sentimita 5 za maji. Nitrati (dawa ya kutanua mishipa) asipewe presha ikiwa chini ya 110. EF ikiwa chini ya 35%, au ukiona damu iliyoganda kwenye ncha, zungumza na daktari bingwa kuhusu heparini (dawa ya kuzuia damu kuganda). VTI ikibaki chini, presha ikishuka chini ya 90 na mkojo ukikatika, anahitaji dobutamini (dripu ya kuongeza nguvu ya moyo), kuanzia mikrogramu 2 hadi 5 kwa kilo kwa dakika, na gari la rufaa.

Mwenye kuta nene, moyo unaosukuma vizuri, presha 230/130 na mapafu yaliyojaa ni habari nyingine. Vena kava yake inaweza kuwa ya kawaida kabisa. Maji ya mwili hayajaongezeka sana. Yamehamia mapafuni kwa sababu moyo unasukuma dhidi ya ukuta. Nitrati ndiyo dawa yake ya kwanza, ya mshipa kuanzia mikrogramu 10 hadi 20 kwa dakika na kupandishwa haraka, au kidonge cha chini ya ulimi wakati dripu inaandaliwa. Furosemaidi ndogo inatosha. Ukimkojoza lita tatu, kesho utakuta presha iko chini na figo zimegoma.

Mitrali iliyobana inahitaji muda wa damu kupita. Kila pigo la haraka linapunguza muda huo, ndiyo maana hawa huzidiwa wakiwa wajawazito, wakipata homa, au atriamu inapoanza kupapatika. Huyu, tofauti na mama wa hapo juu, ndiye anayefaidika na kupunguziwa mapigo: dawa za kundi la propranolo, au digoksini ikiwa mapigo hayana mpangilio, pamoja na furosemaidi kiasi. Moyo mmoja unaokolewa na mwendo, mwingine unazamishwa nao, na stetoskopu peke yake kwenye kifua kinachokoroma haitakutofautishia.

Maji yanayobana moyo: usitoe furosemaidi, usitoe nitrati, usimfunge barakoa ya presha. Yatolewe kwa sindano ukiongozwa na altrasaundi, mahali maji ni mengi na karibu na ngozi. Ikiwa mtoaji yuko mbali na presha inashuka, mililita 250 hadi 500 za dripu zinaweza kukupa muda.

Kulia kumevimba, kushoto kumebonyezwa, mapafu makavu: fikiria bonge la damu kwenye mapafu, heparini, na usimpe nitrati.

Rudia

Picha ya kwanza ni nusu ya kazi. Muuguzi aweke mpira wa mkojo au chombo cha kupimia: katika saa 6 za mwanzo tarajia zaidi ya mililita 100 hadi 150 kwa saa. Zisipofika, ongeza dozi maradufu. Kurudia ileile ni kupoteza usiku. Rudia mapafu baada ya saa 2 na baada ya saa 6, sehemu zilezile 8, kina kilekile, mgonjwa akiwa amekaa vilevile. Mistari ya B hupungua ndani ya saa chache tiba ikifanya kazi, mapema kuliko eksirei. Sehemu 7 zikiwa 6 huku mkojo ni kidogo, dozi ni ndogo. Mkojo ukiwa mwingi na sehemu zikabaki 7 na homa juu, rudi uutazame utando: huenda una nimonia mkononi.

VTI irudiwe kila dobutamini inapobadilishwa. Vena kava mara moja kwa siku inatosha.

Kwenye faili usiandike "eko: moyo dhaifu". Andika saa, mkao, sehemu ngapi kati ya 8 zina maji, nguvu ya ventrikali kwa macho, unene wa ukuta, maji kwenye mfuko yapo au hayapo, kulia kulinganishwa na kushoto, mitrali inafunguka au haifunguki, vena kava kwa milimita, na kile ulichokibadilisha kwenye tiba. Kile ambacho hukukiona kiandike kwamba hakikuonekana. Kukiandika "kawaida" kutampoteza daktari wa rufaa.

Na siku ya kumruhusu, hata kama anatembea hadi getini na kurudi bila kuhema, pitisha probu kwenye zile sehemu 8 mara ya mwisho. Zikibaki na maji, miguu mikavu isikushawishi. Mbakishe siku nyingine ya furosemaidi, au mpe dozi ya nyumbani iliyoongezwa na tarehe ya kliniki isiyozidi wiki moja.